Walisema mamlaka ni ya umma, mbona walilifunga bunge la umma?

"Shikamoo mwalimu. Nasoma sayansi ya siasa, mwaka wa tatu, na naandaa tasnifu fupi juu ya wazo kwamba umma ndio wenye mamlaka. Nilianza na Katiba yetu ya Tanzania, Ibara ya 8, inayosema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Kisha nikatafuta mfano wa mbali wa kulinganisha nao, nikachagua wanamapinduzi wa Urusi. Hapo nimekwama. Kila ninachosoma kinasema walipigania mamlaka ya umma, lakini bunge lililochaguliwa na umma mwishoni mwa 1917 lilikaa siku moja tu, likafungwa na wanamapinduzi wenyewe. Mwenzangu darasani anasema hilo linaonyesha Warusi hawakuwahi kuwa na wazo hilo, walizoea kutawaliwa. Mwingine anasema walikuwa nalo, ila Lenin aliwasaliti. Naogopa kuegemea upande mmoja nikachekwa siku ya kuitetea. Ukweli uko wapi, na nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Nikikuelewa vizuri, kinachokusumbua ni jambo moja: watu walinyongwa na kuozea Siberia wakidai umma ndio mwenye nchi, iweje warithi wao watume mabaharia wenye bunduki kulifunga bunge la umma huo huo? Na umewekewa majibu mawili tu mezani. Usichukue lolote kwanza. La mwenzako wa kwanza ni kosa tupu. La yule wa pili lina ukweli ndani yake, ila linamtwisha mtu mmoja mzigo ambao ukoo mzima wa wanamapinduzi uliubeba kwa zamu.

Tuanze na hao "waliozoea kutawaliwa". Mwaka 1773, miaka 16 kabla Wafaransa hawajaivamia Bastille, kijana aitwaye Aleksandr Radishchev alikuwa akitafsiri kitabu cha Mfaransa Mably. Alipofika kwenye neno la Kifaransa lenye maana ya utawala wa kidhalimu, hakutafuta neno la kigeni. Alitumia neno la shina lile lile ambalo wafalme wa Urusi walijiitia kwa fahari, akaongeza na tanbihi yake: hali hiyo ndiyo inayopingana kuliko zote na maumbile ya binadamu, mtawala ni raia wa kwanza tu wa jamii, na akidhulumu, umma, ambao ndio hakimu wake, unapata juu yake haki ile ile na zaidi ambayo sheria inampa yeye juu ya wahalifu. Haya aliyaandika Yekaterina II akiwa kitini. Mwaka 1790 alipochapisha kitabu cha safari ya kutoka Petersburg hadi Moscow, malkia alikisoma mwenyewe kalamu mkononi, na Radishchev akahukumiwa kifo. Hukumu ilipunguzwa ikawa uhamisho wa Ilimsk, kule Siberia.

Baada yake wakaja maofisa wa jeshi walioasi kwenye Uwanja wa Seneti tarehe 14 Desemba 1825. Mmoja wa wanafikra wao, Nikita Muravyov, aliandika rasimu ya katiba inayofungua kwa kusema kwamba umma wa Urusi ni huru, na kwamba si mali ya mtu yeyote wala ya ukoo wowote, na hauwezi kuwa. Kifungu kinachofuata kinasema chimbuko la mamlaka makuu ni umma, na ni umma peke yake wenye haki ya kujitungia sheria za msingi. Iweke rasimu hiyo kando ya Ibara yako ya 8 uone zinavyofanana. Kisha endelea kusoma, maana Muravyov huyo huyo anaweka sharti la mali: asiye na mali ya kiasi fulani hachagui, na nyadhifa kubwa ni za matajiri.

Mwenzake Pavel Pestel alikuwa kinyume chake. Alitaka jamhuri, matabaka yafutwe, kila mwanamume apige kura bila kuulizwa ana shamba au hana. Lakini kabla ya kufika huko kungekuwa na Serikali Kuu ya Muda yenye nguvu zote, kwa miaka kadhaa, ikiwa na polisi wake wa siri, na makabila mengine ya dola yangeyeyushwa ndani ya Urusi yawe umma mmoja. Pestel alinyongwa pamoja na wenzake wanne mwezi Julai 1826. Nakuomba uikumbuke hiyo serikali ya muda. Itarudi.

Kwa hiyo wazo lilikuwepo, na lilikuwa la zamani kuliko Marx. Tatizo lilikuwa ndani ya wazo lenyewe, na njia nyepesi ya kuliona ni kuyashika maneno yao matatu.

La kwanza ni narod. Kamusi itakuambia "umma" au "watu", nawe utasonga mbele bila kujua umeruka shimo. Kwa msomi wa Kirusi wa karne ya 19, narod kwa kawaida alikuwa mkulima, mtu wa chini, na msomi mwenyewe hakujihesabu humo. Sisi tuna maneno tofauti kwa mambo haya. Tukisema "raia" tunawahesabu wote, tajiri na maskini. Tukisema "makabwela", au Mkenya akisema "Wanjiku", tunamsema mtu wa kawaida asiye na mjomba serikalini. Warusi walilitumia neno narod kwa yote mawili, mara nyingine katika ukurasa mmoja. Na tofauti si ya kamusi tu. Kama narod ni raia wote, mamlaka ya umma yanahitaji sanduku la kura na hesabu sahihi. Kama narod ni makabwela, basi kabaila na mfanyabiashara hawamo ndani ya mwenye mamlaka, ni wapinzani wake, na kuhesabu kura zao kunakuwa kama kumwalika fisi kwenye kikao cha mbuzi.

La pili ni volya. Ni utashi, na pia ni uhuru. Chama cha siri kilichoundwa mwaka 1879 kilijiita Narodnaya Volya, na tangu hapo watafsiri wamegombana: Utashi wa Umma au Uhuru wa Umma? Ningeruhusiwa ningechukua "hiari", neno letu linalokaribia kubeba yote mawili, ingawa najua halina mshindo wa jina la chama.

La tatu, na hapa ndipo ningekutaka ukae muda mrefu, ni samoderzhavie. Samo ni "mwenyewe". Shina derzh ni la kushika. Mfalme ndiye aliyezishika hatamu mwenyewe, bila kumwomba mtu. Mwaka 1903 Chama cha Wasoshaldemokrati cha Urusi, ambacho ndani yake walikuwemo Lenin, Martov na Plekhanov, kilipitisha programu yake katika mkutano mkuu ulioanzia Brussels na kumalizikia London. Dai la kwanza la kisiasa, mara baada ya kusema kwamba utawala wa Tsar upinduliwe na kuwekwa jamhuri, linataka samoderzhavie naroda, yaani umma uwe na enzi ile ile ya Tsar: mamlaka makuu yote ya dola yakusanywe mikononi mwa bunge la wawakilishi wa umma, lenye nyumba moja. Angalia neno "yote". Hawakudai mamlaka yagawanywe, wala hawakuzungumzia mahakama ya kulizuia bunge. Kiti cha mfalme kilibaki kizima, kikabadilishiwa mwenye kukikalia. Sisemi hili ni la Warusi peke yao, maana mwanafalsafa Rousseau naye alishikilia kwamba mamlaka ya umma hayagawanyiki. Ila Warusi walilitia katika neno ambalo kila mkulima alikuwa akilisikia kanisani padri anapomwombea mfalme.

Sasa unganisha. Mamlaka ni mamoja na hayagawanyiki. Mwenyewe ni narod. Na narod hajulikani vizuri ni nani. Swali linalobaki ni nani atasema narod anataka nini siku ambayo narod mwenyewe amenyamaza, au amesema jambo ambalo mwanamapinduzi hakulitarajia.

Siku hiyo ilifika mapema. Kiangazi cha 1874 vijana wasomi kwa mamia walivaa nguo za wakulima wakaenda vijijini, wengine kufundisha, wengine kuchochea. Waliamini kwamba ndani ya kijiji cha Kirusi, katika ile jumuiya iliyogawana ardhi na kuamua mambo kwenye kikao cha wakuu wa kaya, demokrasia ilikuwa tayari inaishi, inangoja kuamshwa tu. Walikuta wakulima wenye hasira ya kweli dhidi ya makabaila, na imani ya kweli vile vile kwamba Tsar ni mwema ila anadanganywa na mabwana. Baadhi ya vijana walikabidhiwa polisi na wakulima wenyewe.

Kisha kikatokea kisa ambacho sijui kwa nini vitabu vingi hukipita kwa mstari mmoja. Katika wilaya ya Chigirin, jimbo la Kiev, mwanamapinduzi Yakov Stefanovich na wenzake wawili walichapa hati ya siri ya kughushi, yenye jina la Tsar mwenyewe, ikiwaagiza wakulima waunde vikosi vya siri na kuwapokonya mabwana ardhi. Wakulima kama 1,000 walikula kiapo kabla njama haijagunduliwa mwaka 1877. Fikiria vizuri kilichotokea hapo. Watu walioamini kwamba umma ndio mwenye mamlaka waliuita umma huo uinuke kwa jina la mfalme, kwa sababu walijua kwa jina lao wenyewe hautainuka. Wenzao wengi waliwalaumu, na kwa haki. Lakini njama ya Chigirin inaonyesha ugonjwa kuliko nadharia yoyote: umma wa kwenye karatasi na umma wa kijijini walikuwa watu wawili.

Wanafikra wa wakati huo walijibu kila mmoja kivyake. Lavrov alisema tuuelimishe umma kwanza, hata ikichukua kizazi. Tkachev alisema tukingoja tutakufa tunangoja. Wachache wakamate dola sasa, umma utafuata. Bakunin aliwacheka wote wanaotaka dola, akaandika mwaka 1873 kwamba wafanyakazi wakishakuwa watawala watakoma kuwa wafanyakazi, na wataanza kuutazama umma kutoka juu, kwenye kilele cha dola.

Na Narodnaya Volya je? Hapa ndipo penye ushahidi wa kumjibu yule anayesema kila mwanamapinduzi wa Kirusi alikuwa dikteta mtarajiwa. Tarehe 1 Machi 1881 walimuua Aleksandr II kwa bomu. Siku tisa baadaye, Kamati yao ya Utendaji ilimwandikia barua mwanawe, Aleksandr III. Ni barua ya ajabu kwa utulivu wake. Waliomba mambo mawili: msamaha kwa wafungwa wote wa kisiasa, na kuitishwa kwa wawakilishi wa umma wote wa Urusi, waliochaguliwa kwa haki sawa, pakiwa na uhuru kamili wa magazeti, wa kusema, wa kukutana na wa kampeni. Na wakaahidi kwamba chama chao kitalitii bunge hilo bila masharti. Bila masharti, hata kama lingeamua kinyume na matakwa yao. Unaweza kusema, nami nitakubali, kwamba kikundi kidogo kilichojipa jina la utashi wa umma kiliua kwa jina hilo bila kumuuliza hata mkulima mmoja. Lakini walijifunga kwa ahadi, na ahadi ile ikabaki kama deni kwa waliowafuata.

Deni hilo ndilo Plekhanov aliloligusa katika mkutano ule ule wa 1903. Mjumbe mmoja aliuliza kama kanuni za kidemokrasia zina thamani zenyewe, au zote ziko chini ya maslahi ya chama. Plekhanov, baba wa Umarx wa Kirusi, alijibu kwamba ustawi wa mapinduzi ndiyo sheria kuu. Kama mafanikio ya mapinduzi yatadai kanuni fulani ya demokrasia ibanwe kwa muda, kusita kutakuwa kosa la jinai; bunge likitokea zuri, tulirefushe maisha; likitokea baya, tulivunje, tusingoje miaka miwili, ikiwezekana baada ya wiki mbili. Wengine walipiga makofi, wengine wakazomea. Weka alama hapo, kwa sababu mzee huyo mwaka 1917 alikuwa mpinzani wa Lenin, akafa Mei 1918 akiwa ameona sentensi yake ikitekelezwa na watu asiowapenda.

Mwaka 1905 nitaupita haraka. Unao kwenye vitabu vyako. Wafanyakazi walioandamana tarehe 9 Januari na padri Gapon, wakapigwa risasi, walibeba ombi lililodai Bunge la Katiba kwa kura ya watu wote. Oktoba mfalme akatoa ilani na kukubali Duma, yaani bunge. Lakini Sheria za Msingi za Aprili 1906 zilisema bado mamlaka makuu ya kujishikia hatamu ni yake; kilichofutwa ni neno moja tu, "yasiyo na mpaka". Na mwaka huo wa 1905 wafanyakazi wakazaa kitu ambacho hakuna mwananadharia aliyekibuni: sovieti, yaani baraza la wajumbe kutoka viwandani.

Hilo baraza lazima ulielewe, la sivyo 1918 itakuwa fumbo. Bunge humchagua mtu kama raia, kwa eneo anakoishi. Sovieti ilimchagua mjumbe kutoka kiwandani au kikosini, kwa kunyoosha mikono mara nyingi, na waliomchagua waliweza kumwondoa kesho yake. Kwa mfanyakazi ilikuwa karibu naye kuliko bunge lolote. Lakini wakili, mwenye duka, mama asiyefanya kazi kiwandani, hao wangemchagua nani? Hawakuwa na pa kusimama. Unaliona lile neno narod limerudi: bunge ni la raia, sovieti ni ya makabwela.

Baada ya Nicholas II kujiuzulu tarehe 2 Machi 1917, yote mawili yakawepo pamoja. Hata ndugu yake Mikhail, aliyeachiwa kiti, alitangaza siku iliyofuata kwamba atakipokea tu ikiwa hiyo ni nia ya umma kupitia Bunge la Katiba. Yaani mtu wa ukoo wa Romanov alikuwa akizungumza lugha ya barua ya 1881! Kila chama kilidai bunge hilo, Wabolsheviki, yaani kundi la Lenin, wakiwemo. Waliilaumu Serikali ya Muda, iliyoshika nafasi ya mfalme, kwa kuchelewesha uchaguzi. Hata walipotwaa madaraka Oktoba, serikali yao mpya ilijitangaza kuwa ya muda, hadi bunge hilo litakapokutana.

Uchaguzi ulianza tarehe 12 Novemba. Zilipigwa kura zaidi ya milioni 40, na wanawake walipiga, jambo ambalo Wafaransa walilifanya kwa mara ya kwanza mwaka 1945. Chama cha Wasoshalisti-Wanamapinduzi, chama cha wakulima, warithi halisi wa Narodnaya Volya, kilipata karibu asilimia 40. Wabolsheviki walipata karibu robo, ingawa waliongoza Petrograd (ndiyo Petersburg kwa jina la wakati huo) na Moscow na katika vikosi vilivyokuwa karibu na miji hiyo. Bunge likakutana tarehe 5 Januari 1918 katika Kasri la Taurida. Nje, waandamanaji waliokuja kuliunga mkono walipigwa risasi. Ndani, wengi walikataa kuipitisha hoja ya Wabolsheviki ya kuyatambua mamlaka ya sovieti, Wabolsheviki wakatoka, na karibu saa 11 alfajiri baharia Zheleznyakov, mkuu wa ulinzi, akamwambia mwenyekiti Viktor Chernov kwamba kikao kifungwe kwa kuwa walinzi wamechoka. Kesho yake amri ya kulivunja ilitolewa.

Mpe Lenin haki ya kusikilizwa; tasnifu inayomnyima itaangushwa na mtahini yeyote makini. Alitoa hoja mbili nzito. Kwanza, orodha za wagombea ziliandikwa kabla chama cha wakulima hakijapasuka. Mrengo wake wa kushoto ulikuwa sasa serikalini pamoja na Wabolsheviki, lakini mpiga kura hakuwa amepewa nafasi ya kuchagua kati ya vipande viwili. Hilo ni kweli. Pili, sovieti ni demokrasia ya daraja la juu kuliko bunge. Hilo ni imani, wala si ushahidi.

Jibu kali zaidi kwa hoja ya kwanza lilitoka kwa rafiki wa mapinduzi, Rosa Luxemburg, akiandika gerezani Ujerumani mwaka huo huo wa 1918. Kama bunge limepitwa na wakati, alisema, mngeitisha uchaguzi mpya mara moja. Mimi nimesoma majibu mengi ya kumpinga na sijaona lililomtosha.

Baada ya hapo maana ya umma ikaandikwa katika sheria. Katiba ya Julai 1918 ilisema mamlaka yote ni ya watu wote wanaofanya kazi, waliojipanga katika sovieti. Ikawanyima kura wanaoajiri wengine kwa faida, wachuuzi binafsi, makasisi na watawa, polisi wa zamani na wengine. Ikaweka mjumbe mmoja wa mijini kwa kila wapiga kura 25,000, na mmoja wa mikoani kwa kila wakazi 125,000. Nakuonya hapa, maana kosa hili nimelisahihisha kwenye insha nyingi: usiandike kwamba kura ya mfanyakazi ilikuwa sawa na kura tano za wakulima. Namba ya kwanza ni ya wapiga kura, ya pili ni ya wakazi, watoto wakiwemo. Upendeleo kwa mji ulikuwepo, tena mkubwa, lakini hauko mara tano.

Basi wenye sovieti ni makabwela, sawa. Nini kitatokea makabwela nao wakikataa? Machi 1921 mabaharia wa Kronstadt, ngome iliyokuwa nguzo ya Wabolsheviki mwaka 1917, walipitisha madai 15. La kwanza: kwa kuwa sovieti za sasa hazielezi utashi wa wafanyakazi na wakulima, zichaguliwe upya mara moja kwa kura ya siri. Jeshi Jekundu likavuka barafu likaiteka ngome. Siku hizo hizo, katika mkutano mkuu wa kumi wa chama, Trotsky, mmoja wa viongozi wakuu wa chama, aliwalaumu wenzake wanaoiweka haki ya wafanyakazi ya kuchagua wawakilishi juu ya chama. Toka raia wote mpaka makabwela, toka makabwela mpaka chama: kiti ni kile kile.

Sasa maelezo unayoweza kuyachukua. Ukisema ni usaliti, unazo ahadi za 1917 kama ushahidi, lakini utashindwa kueleza Pestel, Tkachev na Plekhanov. Ukisema ni mbegu iliyokuwemo tangu mwanzo, unawaeleza hao watatu vizuri, lakini utaibana barua ya 1881 na Chama cha Wasoshalisti-Wanamapinduzi, waliotoka shina lile lile na wakalitetea bunge. Ukisema ni vita, njaa na mazungumzo ya amani na Wajerumani yaliyokuwa yakiendelea Brest-Litovsk, ni kweli mazingira yalibana, ila ubanaji hauelezi kwa nini hakukuitishwa uchaguzi mwingine hata baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha. Maoni yangu ni kwamba urithi ulikuwa na milango miwili, wa barua ya 1881 na wa hotuba ya 1903, na watu wa 1918 walichagua mmoja wakijua. Mwenzangu mmoja wa idara hudhani naupa urithi uzito mno kuliko vita. Huenda atakuwa ndiye mtahini wako, kwa hiyo jiandae.

Kuhusu ulinganisho wako, usiishie kwenye kufanana. Malizia kusoma Ibara ya 8: Serikali itapata madaraka kutoka kwa wananchi "kwa mujibu wa Katiba hii". Kifungu cha kwanza cha Katiba ya Kenya ya 2010 nacho kinasema mamlaka ya watu yatatumika kwa kufuata Katiba tu. Uzio huo ndio haumo katika programu ya 1903. Na kama utataka sura ya pili, sisi nasi tulikuwa na chama kilichoshika hatamu, kikaandikwa hivyo katika katiba mwaka 1975. Neno hatamu litakurudisha moja kwa moja kwenye samoderzhavie. Ila usiseme tuliwaiga Warusi kwa sababu tu maneno yanafanana. Hilo litahitaji ushahidi wake.

Mambo machache huwezi kuyamaliza kwa kunisoma mimi. Mada yako kwa sasa ni pana mno. Mwone msimamizi wako uso kwa uso kabla hujaandika sura ya kwanza, umwombe akusaidie kuipunguza hadi nyaraka mbili. Ningechagua barua ya Machi 1881 na amri ya kuvunja bunge ya Januari 1918. Ukiwa husomi Kirusi, mtafute anayesoma. Vyuoni kwetu bado wapo wazee waliosomea Moscow au Kiev miaka ya sabini na themanini, na wengi hufurahi kuulizwa. Mwonyeshe kila mahali tafsiri yako inaposema "umma" akuambie kwa Kirusi imeandikwa narod, raia au wafanyakazi. Kazi hiyo ya alasiri mbili itakuokoa kuliko kusoma vitabu kumi zaidi. Na tarehe zote nilizokupa za kabla ya Februari 1918 ni za kalenda ya zamani ya Urusi: ongeza siku 13 kwa karne ya 20, 12 kwa ile ya 19 na 11 kwa ile ya 18, uziandike kwa kalenda moja tangu mwanzo, usije ukalifunga bunge kabla halijakutana.